Msafara Shingoni mwa Nyamizi

Mimi ndiye Mama Chumvi. Jina la ubatizo ni Tekla, lakini ukifika Itetemia, hapa Tabora, ukamuulizia Tekla watakupeleka kwa yule wa genge la nyanya, na huyo sina habari naye. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Nilizunguka na baiskeli kutoka hapa mpaka Goweko na vijiji vya mbele yake, na kazi yangu ilikuwa kuingia jikoni kwa mtu, kuomba kijiko cha chumvi na kuidondoshea dawa ya kupimia. Chumvi ikigeuka zambarau ina madini joto, nakusifu. Ikibaki nyeupe, nakupasha. Nimewapasha wake za wenyeviti, nimempasha katekista, na mwenye duka mmoja nilimmwagia gunia zima barabarani, akabaki kushika kiuno.

Lakini marovu yalipungua. Nilipoanza, hukosi mwanamke mwenye rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, kila unapopiga hodi. Nilipostaafu, watoto walikuwa wakiliona rovu wanakimbilia kuuliza ni kitu gani. Kwa hiyo ninalijua rovu, na hilo ndilo lililoniponza. Nasimulia haya kwa sababu mwaka juzi nusura nimuue mke wa mwanangu kwa mkono wangu, asubuhi baada ya asubuhi, huku nikijisifu moyoni kwamba namtibu.

Anaitwa Nyamizi. Kwao ni Nzega. Mwanangu Renatus, wa pekee niliyebaki naye, alimuoa kanisani, akamleta kwangu, kisha akarudi kwenye kazi yake ya ujenzi wa reli huko Igalula, na nyumbani akawa anaonekana Jumapili. Tukabaki wanawake wawili na kuku. Nyamizi alikuwa fundi cherehani, mpole, wa kuongea maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo ni shikamoo mama. Miaka miwili ikapita bila mtoto. Sikusema kitu, ila mtu akikaa kimya kwa namna fulani anasikika, na mimi najua nilisikika.

Ilianza Julai, na Julai ya Tabora si ya mchezo, asubuhi unavuta pumzi inatoka moshi. Nilimkuta Nyamizi uani akijimwagia maji ya mtungi, baridi kabisa, kisha akakaa barazani na gauni jepesi bila hata kanga mabegani, jasho linamtoka juu ya mdomo. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema anasikia joto tu. Mezani alikuwa anakula ugali wa watu wawili na bado anakomba chungu cha mlenda, lakini gauni lilizidi kumpwaya. Nikaambiwa na jirani kwamba hata siku zake zimeacha kuja. Basi nikafurahi kimya kimya, nikaanza kufikiria jina la mjukuu.

Haikuwa mimba. Mwishoni mwa mwezi mishono yake ilianza kwenda upogo, maana mikono ilikuwa inamtetemeka, na wateja wakaanza kurudisha nguo. Halafu macho. Nyamizi alikuwa na macho ya kawaida, ya kuangalia chini. Sasa yalikuwa yamefunguka, meupe yanaonekana juu na chini ya mboni, sura ya mtu aliyeshtuliwa na hajaambiwa na nini. Siku moja mchana nilimkuta amelala kwenye mkeka sebuleni, uso umenielekea, macho wazi. Nikamwambia ainuke anisaidie kuanua mahindi. Hakujibu. Nikarudia kwa ukali. Kuku alipita karibu na uso wake na hakupepesa, na ndipo nilipogundua kwamba alikuwa anakoroma. Alikuwa usingizini ananitazama.

Nilitoka nje nikaanua mahindi peke yangu. Sikupenda kurudi ndani.

Siku ya pili yake alikuja jikoni akasema, "Mama, wanaopita ni akina nani?"

"Wapi?"

"Hapo nje. Wengi."

Nikachungulia. Ilikuwa saa saba mchana, jua limetulia juu ya paa, hakuna hata mbwa. Sasa, lazima niseme kwamba nyumba yetu iko kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita hapa kuelekea Ujiji. Kila mtu wa huku anajua. Tulipochimba choo tulipata shanga za bluu kiganja kizima, watoto wa jirani wakazigawana. Hakuna aliyewahi kutishika. Watu walipita, wakafa, basi.

"Hakuna mtu," nikamwambia.

"Nikilala ubavu wa kushoto nawasikia vizuri," akasema. "Hawana viatu, mama. Na wamebeba vitu vizito, maana wanakanyaga kwa nguvu. Wanatembea haraka."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayekuambia maziwa yamechacha. Mimi nikamwambia aache kulala mchana.

Ndipo siku moja akainua kidevu kunywa maji, na nikaliona. Rovu. Si kubwa, laini, limekaa mbele ya shingo pande zote mbili, linapanda na kushuka anapomeza. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa nimeanza kuogopa vitu nisivyovijua, na kumbe ni rovu, adui yangu wa miaka kumi na minane, limethubutu kuingia nyumbani kwangu.

Nilitoa chupa yangu ya mwisho ya dawa ya kupimia nikaipima chumvi yetu. Zambarau iliyokolea. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nikaona kwamba kwa huyu haitoshi, anahitaji zaidi. Nikaenda sokoni kwa Zuena, muuza viungo na dawa za mitishamba, naye akanitolea unga wa mwani kutoka Unguja. Akaniapia kwamba huo ndio mama wa madini joto yote, kijiko kimoja kinashinda pakiti nzima ya chumvi. Kwa hilo hakuongopa.

Nikauficha unga ndani ya kopo la chumvi la kabatini, kwenye kifuko chini ya chumvi yenyewe. Kwa nini niliuficha? Nilijiambia ni kwa sababu vijana wa siku hizi hawapendi dawa zenye harufu. Kila asubuhi nilichanganya kijiko kwenye uji wa ulezi, nikaongeza karanga na sukari kuua ladha, nikampelekea mwenyewe barazani. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akanywa mpaka chini.

Baada ya wiki mbili akaniambia, "Mama, sasa hawatembei. Wanakimbia."

Nikaongeza kiwe kijiko na nusu.

Agosti yote ilikuwa hivyo. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inaanguka kwenye unga. Alikuwa hawezi kukaa. Anasimama, anatembea uani kutoka mti hadi ukuta, anarudi, miguu ikifuata mwendo ambao mimi siusikii. Nywele zilibaki kwenye kitana. Renatus akija Jumapili alimtazama mke wake kwa woga, akaniuliza, "Mama, tumpeleke hospitali?" Nami nikamjibu kwamba hospitali watamwambia habari ya chumvi, na habari ya chumvi iko hapa imekaa.

Mwanzoni mwa Septemba akaja mjomba wake kutoka Nzega, Ngollo, mwenye bucha. Mtu mnene, mwenye sauti. Tulisalimiana "Mwangaluka" na yote mengine, akamtazama mpwa wake mpaka chai ikapoa. Kisha akamuuliza swali ambalo sikuwa nimemuuliza hata mara moja.

"Unasikia nini, mayo, mama yangu?"

Nyamizi akamwambia yote. Alisema maneno mengi kuliko aliyoniambia mimi kwa miaka miwili. Kwamba ni watu wengi, mamia, na siku hizi hawapumziki hata akiwa amesimama. Kwamba wanatoka mashariki, upande wa makaburi ya Wahindi, wanaelekea machweo. Kwamba mmoja, mwanamke, amekaribia kumfikia.

Ngollo akanigeukia. "Mama Renatus, huyu alirithi jina. Nyamizi wa kwanza alikuwa mke wa mpagazi. Alifuatana na mumewe kwenda pwani amebeba vyungu, na hakurudi. Babu zetu walimtambikia bila kaburi. Huyo ndiye anayerudi nyumbani, na hana njia nyingine ya kupita ila huyu mtoto. Tumpeleke barabarani, tumpe huyo bibi chakula chake, apite."

Nilimjia juu. Nilimwambia mambo ya mizimu ayapeleke buchani akayauze na utumbo. Nilimwambia huyu ana rovu, na rovu ni madini joto, na mimi nimelifundisha hilo kabla yeye hajajua kushika kisu.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera zaidi. "Sawa," akasema. "Umelitazama rovu. Umewahi kulisikiliza?"

Kwa kumkomoa tu, nikamvuta Nyamizi, nikainama, nikabandika sikio langu kwenye shingo yake.

Lilikuwa linavuma. Sitanii. Chini ya ile ngozi ya joto kulikuwa na sauti, fuu, fuu, fuu, ya haraka, sawa kabisa na nyayo nyingi zikipita kwenye majani makavu ya msitu. Nikashika ukuta. Nilijua mimi ni mwanamke mzima, ni mchana, kuna harufu ya chai. Lakini nilisikia watu wanapita ndani ya shingo ya mke wa mwanangu, na walikuwa wengi kama alivyosema.

Kesho yake asubuhi nilimpakia kwenye bajaji nikampeleka hospitali. Ngollo alitusindikiza mpaka getini, hakusema neno la kujisifu, akapanda basi la Nzega. Renatus aliomba ruhusa akatukuta huko.

Daktari alikuwa msichana, Dokta Advera, nikimtazama naona anafaa kuwa bado anasoma. Alimwambia Nyamizi anyooshe mikono, akamwekea karatasi juu ya vidole, karatasi ikatetemeka mpaka ikalia. Akaweka kipimo kwenye kidole, mapigo mia moja na thelathini na nane, mtu amekaa. Akaweka kile chombo chake cha kusikilizia shingoni, na nikaona uso wake unatulia, mtu aliyepata alichokuwa anatafuta.

"Damu ikipita kwa kasi ndani ya tezi inatoa sauti," akasema. "Na mapigo haya, mgonjwa akilaza sikio kwenye mto, anayasikia. Si wazimu, dada. Unasikia kitu cha kweli kabisa."

Nyamizi akaanza kulia. Nadhani hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo.

Damu ilipelekwa Mwanza, majibu yakarudi, tukaitwa tena. Dokta akatueleza. Mwili una askari wake wa kupambana na magonjwa. Askari wa Nyamizi walikosea, wakaifuata tezi yake ya shingo, lakini hawakuiua. Waliibonyeza, kama mgeni aliyebonyeza kengele ya mlango akagoma kuondoa kidole. Tezi inatoa homoni mchana na usiku, na homoni hiyo ndiyo inayokimbiza moyo, inayochoma chakula, inayoleta joto na kukausha siku za mwanamke. Macho nayo askari hao hao wameyaingilia kwa nyuma, ndiyo maana yametoka na hayafungi vizuri. Unaitwa ugonjwa wa Graves. Hauambukizi, haukuletwa na mtu. Una dawa, ila ni safari ndefu, mwaka mmoja na nusu wa vidonge pengine zaidi, na unaweza kwenda ukarudi.

"Rovu hili si la kukosa madini joto," akasema. "Chumvi ya kawaida ya mboga haina neno. Lakini msimuongezee. Hasa mwani, dawa za mwani, huo ni kuongeza kuni. Kuna kitu kingine chochote anachotumia nyumbani?"

Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Lakini wakati huo huo nesi mmoja mzee akapita, akaniona, akapaza sauti, "Jamani, shikamoo Mama Chumvi!" Akamgeukia dokta. "Huyu ndiye aliyemaliza marovu Uyui yote." Na dokta akanitazama kwa heshima, akasema, "Basi mgonjwa yuko mikono salama."

Nikasema, "Hakuna kitu kingine."

Na nilirudi nyumbani nikaendelea. Hapo ndipo watu huniuliza kwa nini. Nilikuwa nimeona marovu kwa mamia yakiyeyuka kwa madini joto, kwa macho yangu, na huyu binti wa juzi ananiambia kinyume. Nikajiambia vidonge ni vya moyo, rovu niachieni mimi. Nikajiambia nitapunguza kiwe nusu kijiko. Ukweli ni kwamba nilikuwa Mama Chumvi, na bila hiyo sikuwa na jina lingine.

Mwezi ukapita. Nyamizi alikunywa kabimazoli, vile vidonge vya tezi, na vile vya kutuliza mapigo kwa saa, simu yake ikilia kumkumbusha. Tukarudi kliniki, mapigo yako vile vile, homoni ziko juu vile vile. Dokta Advera akakunja uso.

"Nyamizi, unameza vidonge kila siku?"

"Ndiyo, dokta."

"Niambie kweli. Wagonjwa wengi wanaacha wakichoka."

"Nameza, dokta."

"Majibu hayasemi hivyo." Na akamsema, kwa upole lakini mbele yetu wote, kwamba anacheza na maisha yake. Renatus naye akamkazia macho mke wake. Nyamizi hakujitetea. Alinigeukia mimi, macho yale yasiyofunga, akanitazama muda mrefu kidogo, kisha akainamisha kichwa. Nikajifanya natafuta kadi kwenye mkoba.

Oktoba ikakolea joto lake. Jumanne ya mwisho, saa sita na nusu mchana, nilitoka kuchota maji bombani na niliporudi baraza lilikuwa tupu. Cherehani ina nguo imebaki kwenye sindano. Viatu vyake viko mlangoni. Nikaingia jikoni kumuita, nikakuta kabati wazi, na kopo la chumvi halipo.

Sikuhitaji kuuliza kaelekea wapi. Nikafunga kanga kiunoni nikashika njia ya zamani kuelekea machweo, kupita nyumba za mwisho, kupita mashamba, mpaka kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka na kupasuka. Wakati huo wa mchana hakuna mtu huko. Hata ndege wamenyamaza. Hewa inacheza juu ya ardhi mpaka huoni mwisho wa njia.

Nikamuona kwa mbali. Alikuwa peku, kopo liko kichwani, mikono imening'inia bila kulishika. Anatembea mwendo wa haraka, mfupi, magoti yamelegea, mwendo wa mtu aliyezoea mzigo tangu utoto, na Nyamizi hajawahi kubeba kichwani zaidi ya ndoo. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Kinyamwezi, lakini wimbo wenyewe sijawahi kuusikia, na mimi ni Mnyamwezi wa kuzaliwa na kulelewa.

Na nyuma yake kulikuwa na vumbi. Hilo nimelifikiria sana. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyasi, lakini vumbi lilikuwa limeinuka usawa wa mabega, refu, linaenda nyuma mpaka kwangu nilipokuwa. Mwanamke mmoja mwembamba hawezi kuinua vumbi la namna ile.

"Nyamizi!"

Akasimama, akageuka polepole ili kopo lisianguke. Midomo imekauka, mashavu yamewaka. Alinitazama kama mtu anayemuona mama yake amesimama katikati ya reli.

"Mama," akasema, "toka njiani. Wanapita."

Nami nikatoka. Mama Chumvi, mwanamke wa sayansi, nilikusanya kanga yangu nikaruka nikasimama kwenye tuta la jaruba, nikapisha. Nilisimama pale, sijui kwa muda gani. Vumbi likapita mbele yangu. Nilisikia harufu ya jasho la watu. Halafu kopo likaanguka, chumvi ikamwagika, na Nyamizi akaanguka juu yake.

Alikuwa anachoma kama jiwe la jikoni. Nilipiga kelele mpaka mwenye pikipiki akasikia kutoka barabara kubwa, tukampakia katikati yetu, kichwa chake begani kwangu, na njia nzima ile sauti ya shingoni mwake ilikuwa inavuma sikioni mwangu.

Wodini walimtundikia dripu, wakamweka barafu kwapani, wakaleta mashine ya mapigo, ikasoma mia moja na themanini. Alikuwa anaweweseka, hajui yuko wapi. Dokta Advera alikuja mbio, akatushika mimi na Renatus, aliyeitwa kwa simu kutoka kazini, pembeni ya kitanda.

"Tezi imelipuka," akasema. "Hali hii inaua. Sielewi kwa nini vidonge havikufanya kazi, na kama sielewi siwezi kumtibu sawasawa. Niambieni kila kitu anachokula. Kila kitu."

Yule nesi mzee alikuwepo, anarekebisha dripu. Renatus alikuwepo. Nilimtazama Nyamizi, macho yake wazi yanaangalia dari bila kuliona, na nikaona kwamba nikinyamaza mara hii nitamzika.

"Mwani," nikasema. "Unga wa mwani. Kijiko, mara nyingine na nusu. Ndani ya uji, kila asubuhi, tangu Agosti. Mimi ndiye ninayempa."

Nesi akaacha kurekebisha dripu. Dokta hakunifokea. Aliandika, akapiga simu kwa mkubwa wake, akabadilisha dawa na vipimo vyake, akaagiza nyingine, akafanya kazi. Renatus alinitazama, mwanangu niliyemzaa, akatoka nje. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na kwa mara ya kwanza nilitamani dokta anifokee.

Siku ya nne homa ilishuka. Siku ya tisa alikaa kitandani akaomba kitana. Alipotoka, vidonge viliendelea, na safari hii majibu yakaanza kushuka, mwezi wa kwanza kidogo, wa pili zaidi. Sasa tunaujua ugonjwa wenyewe kama unavyomjua mpangaji asiyehama. Akilala anapaka dawa ya macho na kujifunga kitambaa laini. Akiumwa koo au kupata homa, hatungoji, tunakwenda hospitali siku hiyo hiyo damu ipimwe, maana vidonge navyo vina hatari yao. Renatus ameacha sigara kwa ajili ya macho ya mke wake. Dokta amemwambia asishike mimba mpaka atakapoambiwa, na nikisikia jirani anauliza habari ya mjukuu, namjibu mimi, na hanirudii tena. Macho hayajarudi yote. Watoto wageni humkodolea, naye huwakodolea zaidi, wanakimbia, anacheka.

Lakini kwangu alikuwa mwenye adabu tu. Shikamoo mama, karibu mama. Februari, mvua zikiwa zimekolea, nilishindwa. Nikaenda barazani, nikakaa kwenye kigoda mbele ya cherehani yake, mimi mama mkwe, chini yake, nikamwambia, "Nyamizi mwanangu, nimekukosea. Nilikupa kitu kibaya bila kukuambia. Nisamehe."

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Mkono haukutetemeka.

"Nilijua, mama."

"Ulijua lini?"

"Siku dokta aliposema mwani. Nikatafuta jikoni, nikaunusa ule ulio kwenye kopo."

Nikahesabu kichwani. Ule mwezi wote. Siku ile aliposemwa mbele yetu kwa vidonge alivyokuwa anameza. "Na kabla ya hapo? Hukusikia ladha?"

"Nilisikia tangu asubuhi ya kwanza. Harufu ya samaki." Akanyoosha kitambaa. "Kabla ya dokta kusema, nilidhani ni sumu. Sikuwa na mtoto. Nilidhani unataka Renatus aoe mwingine."



"Na ukawa unakunywa?" nikasema. "Kila siku? Unadhani ni sumu, na unapiga goti unapokea?"

"Wakati nafundwa kwetu niliambiwa chakula kilichotoka mkononi mwa mama mkwe hakirudishwi."

"Ungekufa, Nyamizi!"

"Ningekufa," akakubali, bila hasira. "Na wewe pale msibani ungewaambia watu nilikuwa mkwe mwenye adabu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Alinitazama kwa macho yale makubwa, akingoja, na safari hii hakuyainamisha. Nikajiona nimesimama kando ya kaburi lake na kitambaa cheusi kichwani, watu wamenizunguka, nalia machozi ya kweli kabisa.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ningesema hivyo hivyo."